Subira si kunyamazia dhuluma

Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba Muislamu mwenye subira ni yule anayedhulumiwa akanyamaza. Sivyo, na kisa cha Nabii Yusuf kinaonyesha wazi.

Alifungwa bila kosa, akakaa gerezani miaka. Siku mfalme alipomwita, mjumbe amesimama mbele yake, Yusuf hakutoka. Alimwambia arudi kwa bwana wake, akamuulize habari ya wale wanawake waliojikata mikono kwa kushangazwa na uzuri wake (Qurani, Sura ya 12, aya ya 50). Hebu fikiria: mfungwa anausubirisha uhuru mpaka jina lake lisafishwe! Na kweli, mke wa Azizi (mkubwa wa Misri), aliyemsingizia Yusuf kwamba alimtaka kwa ubaya, akakiri mwenyewe. Basi kusubiri kwake kulikuwa kutokata tamaa na Mwenyezi Mungu, huku haki yake akiidai kwa adabu.

Kusamehe nako kulikuja, ila baadaye, alipokwisha kukabidhiwa hazina za nchi. Ndugu zake waliomtupa kisimani walisimama mbele yake na shida zao, wakiomba wapimiwe chakula. Angeweza kulipiza. Akawaambia leo hapana lawama juu yao, akawaombea maghufira (aya ya 92).