Kikohozi cha vumbi la mawe na haki yako ya fidia

Mfanyakazi akikatwa kidole na msumeno, wenzake wanaona, na taarifa inaandikwa siku hiyohiyo. Vumbi la mawe halina shahidi wa namna hiyo. Unachoronga mwamba au kuponda kokoto, na mara nyingi mapafu huonyesha madhara baada ya miaka 10 au 20, pengine umeshaacha kazi na kurudi kijijini. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na aliye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo si ajabu magonjwa haya mawili kuchanganywa. Mgonjwa anakohoa, anakonda, akipanda kilima kidogo anaishiwa pumzi. Anapewa dawa za TB ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea, anamaliza dozi, kikohozi kiko palepale, anaanzishiwa tena. Hajaulizwa alikuwa anafanya kazi gani! Nakusihi usisubiri kuulizwa. Mtajie daktari kila kazi ya vumbi uliyofanya, hata ya zamani sana, kwa sababu picha ya eksirei bila historia ya kazi inaweza kumpotosha.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inafidia ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huchangiwa na waajiri. Mshahara wako haukatwi hata shilingi. Mfuko hugharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Usiozidi hapo hulipwa mkupuo, yaani fedha yote kwa mara moja.

Taarifa inatakiwa ndani ya miezi 12 tangu ugonjwa ubainike. Miezi hiyo huyeyuka upesi mtu akihangaika na tiba huku na kule, hivyo mjulishe mwajiri au Mfuko mara tu daktari anapokuambia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni mgonjwa anayekuja mikono mitupu, na kampuni aliyoitumikia ilishafungwa. Tunza mkataba, hati za mshahara na cheti cha utumishi. Kama vimepotea, omba taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Humo mna jina la mwajiri na miezi aliyokuchangia.