Pumu ikinyamaza haijaondoka

"Mwezi wa pili sasa sijabanwa, kliniki niende kufanya nini?" Kauli hiyo imezaa makosa mengi. Watu wengi huihesabu pumu kuwa ugonjwa wa siku ya kubanwa tu: kifua kinapiga filimbi, mgonjwa anakimbizwa zahanati, anapata nafuu, habari imeisha. Kumbe njia zake za hewa hubaki na uvimbe hata siku anayocheka na kula vizuri. Moshi wa mkaa, vumbi la ufagio au mafua huja tu kuchochea moto uliokuwa unafukuta.

Ndiyo maana dawa ni za aina mbili. Salbutamol, ambayo inhela yake (kikopo cha kuvutia dawa kwa mdomo) mara nyingi ni ya buluu, hulegeza misuli iliyobana, uvimbe haiugusi. Wa kuushusha ni steroidi za kuvuta, kama beclometasone au budesonide, na kwa kawaida huvutwa kila siku hata kama hubanwi. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, haupendekezi tena vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamol peke yake. Kopo moja la salbutamol lina mipulizo 200. Anayemaliza matatu kwa mwaka pumu yake haijadhibitiwa, hata akisema amezoea.

"Inhela ni kali, bora vidonge." Tupige hesabu. Mpulizo mmoja wa salbutamol ni maikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 ni maikrogramu 4,000, mara 40 zaidi, na hupitia tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kifuani. Mikono ikitetemeka na moyo kwenda mbio, mkali ni nani hapo? Wala inhela haileti uraibu.

Wengine husema haiwasaidii. Waambie wavute uone: mdomo wazi, pyuu, kama mtu anayejipulizia marashi, dawa yote imeishia ulimini. Tikisa kopo, toa pumzi, bana midomo kuizunguka inhela, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi ukihesabu hadi 10. Ukimaliza ya steroidi, sukutua na uteme, usije ukapata utando wa fangasi mdomoni.

Mtoto mdogo hayawezi hayo, anahitaji spesa, chemba ya plastiki inayokaa kati ya inhela na mdomo. Ikikosekana, chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, ilifanya kazi sawa na spesa ya kununua katika utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1999. Mwombe mhudumu akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Kuambukiza? Haiambukizi, kuleni sahani moja.

Na yule mtoto anayekalishwa kivulini wenzake wakikimbia: mkimbiaji Mwingereza Paula Radcliffe, mwenye pumu, alimaliza marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ya dunia ya wanawake ilidumu miaka 16, hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago.

Sasa, kliniki ukafanye nini? Utaulizwa umeamshwa na kifua usiku mara ngapi, inhela ya buluu umeigusa mara ngapi, kazi gani umeziacha. Utatazamwa unavyovuta. Na pumu ikiwa imetulia kama miezi mitatu, hapo ndipo dozi ya steroidi inapoweza kupunguzwa, mbele ya daktari.