Leseni ya uwindaji ya jimbo moja haitumiki Marekani nzima

Msimu wa kulungu ukikaribia, ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu waishio Marekani: ukikata leseni ya uwindaji katika jimbo moja, unaweza kuwinda popote nchini. Si kweli.

Kila jimbo hutoa leseni yake, kwa bei na masharti yake. Texas, mkazi hulipa dola 25 kwa leseni ya kawaida. Asiye mkazi, dola 315. Na ukazi hauji kwa kupanga nyumba jana: Texas na Colorado hutaka uwe umeishi humo miezi sita mfululizo. Kwa bata mwitu, kuanzia umri wa miaka 16 unahitaji pia stempu ya serikali kuu, yaani kibali cha kuwinda ndege hao, dola 25. Wala leseni haikupi ruhusa ya kuingia shamba la mtu.

Kinachochanganya wengi, nadhani, ni cheti cha mafunzo ya uwindaji. Hicho, ukikipata jimbo moja, mengine hukitambua. Leseni ya udereva nayo hukubalika kote.

Kuhakiki ni rahisi: fungua tovuti rasmi ya idara ya wanyamapori ya jimbo unakokwenda, usome bei za wasio wakazi na kanuni za mwaka huu.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Anayeuamini anaweza kutozwa faini, na akifungiwa kuwinda jimbo moja, majimbo mengi mengine humfungia pia.