Wali wa kukaanga wa Kichina kwa meza ya Sikukuu: uanze usiku wa kuandama mwezi

Kila Sikukuu ikikaribia swali huwa moja: "Mbona wali wangu wa Kichina unatoka bokoboko?" Bokoboko tunalo tayari mezani, la ngano na nyama, wala halihitaji mwenzake. Nikimuuliza mtu kaupikaje, jibu nalijua kabla hajalimaliza: wali umeepuliwa sasa hivi, bado unafuka moshi, ukamiminwa kwenye karai pamoja na mboga zote, na nusu chupa ya sosi ya soya ikafuata. Hiyo ni pilau isiyo na bizari.

Wali tunaouiga una kwao. Unajulikana kwa jina la Yangzhou, mji wa jimbo la Jiangsu, mashariki ya China. Jimbo hilo si geni kwetu hata kidogo, kwani madaktari wa Kichina wanaokuja kwa zamu Unguja na Pemba tangu 1964 wanatoka huko huko, na watu wa Mkoani wanawajua kwa sura pale hospitali ya Abdalla Mzee. Wali wa Yangzhou ni mweupe, au una manjano ya yai. Weusi hauna. Ladha yake ni chumvi, yai, kamba na majani ya vitunguu. Anayeulizia rangi ya kahawia namwambia anaulizia pishi jengine.

Sasa mchele. Basmati mimi siutumii hapa. Ni mzuri kwa biriani, lakini punje yake ndefu inakatika ukiigeuza geuza kwa mwiko wa chuma, mwisho unabaki na chenga. Mchele wa Jasmin kutoka Thailand ndio unaokaribia zaidi, na wa Mbeya unafaa ukioshwa mpaka maji yatoke safi, maana ule unga wa juu ndio unaogeuka gundi. Maji yawe kidogo kuliko ulivyozoea: kikombe kimoja cha maji kwa kikombe cha mchele, basi. Chumvi usitie sasa, nazi ndiyo kabisa.

Penye siri ni hapa: wali wa kukaanga unataka wali uliolala. Wanga ulio ndani ya punje ukichemka unakunywa maji, unavimba na kulainika. Ukipoa, chembe zake zinajipanga upya na kukazana, na unyevu wa juu ya punje unakauka. Ndiyo maana kiporo cha asubuhi kina punje ngumu ngumu zinazoachana. Kwa mchuzi wa nazi hiyo ni kasoro, kwa karai ni neema.

Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, haina shida, tarehe yake inajulikana mapema. Ya Mfunguo Mosi, ya kumaliza Ramadhani, ndiyo inayotukimbiza, kwa sababu tangazo linakuja usiku. Kwa hivyo mwezi ukishathibiti, kabla hujaanza kupiga pasi kanzu za watoto, bandika wali. Ukiiva, utandaze kwenye sinia pana, unene usizidi kidole kimoja, chini ya feni. Ukishapoa kabisa uingie kwenye friji bila ya kufunikwa, mbali na samaki. Asubuhi chukua punje moja uibonyeze kwa vidole viwili. Ikivunjika vipande, uko tayari. Ikipondeka kama uji, iache sinia chini ya feni tena.

Usiuache wali jikoni usiku kucha kwa kisingizio cha kuulaza. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinastahamili maji yanayochemka, na wali uliokaa kwenye joto letu hili ndio shamba lake. Sumu inayotoka hapo haiondoki hata ukaange namna gani. Nusu saa chini ya feni, saa moja ikizidi, halafu friji. Umeme ukikatika, au huna friji, achana na habari ya kulaza: pika alfajiri, tandaza, pepea mpaka upoe na ukauke juu, ukaange hapo hapo. Hautakuwa sawasawa na ule uliolala, lakini unapita.

Kwenye kukaanga watu wanaharibikiwa na pupa. Kilo moja ya mchele, ambayo kama chakula cha pembeni inatosha watu kumi na zaidi, mimi naigawa mafungu manne au matano, kila fungu na mayai yake, kamba zake na mboga zake. Karai likijazwa, moto unashindwa, wali unatoa mvuke na kujichemsha. Wenyewe wa Yangzhou mwaka 2015 walipika zaidi ya tani 4 kutafuta rekodi ya Guinness, na rekodi ikakataliwa baada ya kubainika kuwa sehemu ya chakula imepelekwa kwa nguruwe, wakati sharti ni kiliwe na watu. Tuache tani, tukaange vikombe vitatu vitatu.

Seredani yenye mkaa uliokolea inalishinda jiko dogo la gesi kwa kazi hii. Karai lipate moto peke yake kwanza, kisha mafuta, yaanze kutoa moshi mwembamba. Kamba waliomenywa, wakakaushwa kwa kitambaa na kupakwa tangawizi kidogo ya kuondoa shombo, wapite dakika moja tu, watoke. Karoti iliyokatwa dogo dogo na njegere vifuate, navyo vitoke. Ongeza mafuta, mimina mayai mawili yaliyopigwa, na kabla hayajashikana yote, tia wali uliokwisha kuuchambua kwa mikono. Geuza kwa haraka, ukibonyeza madonge. Sikiliza: wali mkavu unalia karaini, punje zinarukaruka. Ukinyamaza, moto umepungua au umezidisha kipimo. Hapo ndipo chumvi, pilipili manga, kamba na mboga zirudi ndani, na majani ya vitunguu ya mwisho kabisa, wakati karai linaepuliwa. Matone machache ya mafuta ya ufuta, ukipenda. Anayeng'ang'ania sosi ya soya, kijiko kimoja kwa fungu, amimine ukingoni mwa karai ilipo chuma tupu, iungue kidogo kabla ya kugusa wali.

Wenyewe wanatia nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Badala yake mimi natia kuku wa jana aliyekatwa vipande vya ukubwa wa njegere, au pweza aliyechemshwa akalainika. Na Idi ya kuchinja ile nyama ya udhia inafaa, ikikaangwa ikauke kwanza. Uduvi mkavu, uliooshwa mchanga ukakaangwa mpaka unukie, unatia utamu ambao chupa ya sosi haiutoi. Na kichekesho ni kwamba wali wa Yangzhou wa kifahari unatiwa majongoo ya pwani, wale wale ambao wapigambizi wetu wanawatoa baharini wakauzwa China, na hapa nyumbani huwezi kumshawishi mtu aonje.

Mezani nauweka karibu na kuku wa kuchoma au samaki wa kukaanga, na kachumbari yenye ndimu nyingi. Biriani na huu wasikae sinia moja, maana rojo la biriani litaulowesha. Mchuzi wa nazi nao ukae kwenye bakuli lake pembeni, anayeutaka achovye mkate wa kumimina.