Mvuto wa mkoa kwa vijana hausomwi kwenye asilimia ya ukuaji

Kila inapofika zamu ya kuulinganisha mkoa wa Tanga na mkoa wa Pwani, iwe ni katika kikao cha mipango, katika andiko la mwanafunzi au barazani hapa Ngamiani, jijini Tanga, hoja huwa ni ile ile: Pwani ina vijana, Tanga imebaki na wazee. Ushahidi unaotolewa nao ni mmoja tu, kwamba kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 Pwani ilikua kwa asilimia 6.1 kwa mwaka na Tanga kwa asilimia 2.5. Wiki hii nimeisikia tena kutoka kwa mtu anayetarajiwa kushauri namna ya kugawa fedha za ajira kwa vijana, na kazi yangu mimi ni takwimu za idadi ya watu, kwa hiyo siwezi kuinyamazia.

Hesabu zenyewe ni sahihi. Tanga ilikuwa na watu 2,045,205 mwaka 2012 na 2,615,597 mwaka 2022. Pwani ilitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani karibu mara mbili. Tatizo ni kinachosomwa ndani ya hesabu hizo, kwa sababu jumla ya watu haisemi lolote kuhusu umri wao.

Anayeamini kwamba mkoa unaokua taratibu umekimbiwa na vijana naomba auangalie mkoa wa Dar es Salaam kwa kipimo hicho hicho. Ulikuwa na watu 4,364,541 ukafika 5,383,728, ambayo ni asilimia 2.1 kwa mwaka, chini ya Tanga na chini kabisa ya asilimia 3.2 ya taifa. Sijawahi kumsikia mtu akisema Dar es Salaam haivutii vijana. Kipimo kinachotoa jibu ambalo kila mtu anajua si kweli kwa mkoa mmoja hakiwezi kuaminiwa kwa mkoa mwingine.

Sasa jumlisha Dar es Salaam na Pwani kana kwamba ni mkoa mmoja. Mwaka 2012 zilikuwa na watu 5,463,209 kwa pamoja, na mwaka 2022 zikawa na 7,408,675. Ukuaji wake ni asilimia 3.0 kwa mwaka, karibu sawa na wa taifa. Maajabu ya Pwani yanatoweka mara tu mpaka unapofutwa, na hili ndilo ningependa kila mpangaji alione kabla hajafungua mdomo kuhusu Tanga. Nenda Mapinga, wilaya ya Bagamoyo, hatua chache baada ya kuiacha Bunju ya Dar es Salaam. Utakuta msingi uliosimama kwenye kiwanja kilichonunuliwa kwa awamu, nyumba ya vyumba vitatu iliyoezekwa kabla haijapigwa lipu, na saa kumi na moja alfajiri baba na mama wanapanda daladala kuelekea Tegeta na Mwenge, wanakofanya kazi ile ile waliyokuwa nayo walipopanga Sinza. Kwa sensa hao wamehamia Pwani. Kwa maisha yao hawajaondoka Dar es Salaam. Hali hiyo ipo pia Vikindu upande wa Mkuranga na kuanzia Kibaha hadi Mlandizi kwenye barabara ya Morogoro. Sikatai kwamba viwanda vya Kibaha na Mkuranga vimeajiri vijana. Ninachokataa ni kuhesabu kila kiwanja kilichouzwa kuwa ni kijana aliyevutwa na ajira.

Baada ya hapo mjadala huhamia kwenye umri wa kati, na hapo ndipo makosa yanapozidi. Umri wa kati wa Watanzania ni kiasi cha miaka 18, yaani nusu ya watu wako chini ya hapo. Watu huuona mkoa wenye umri wa kati mdogo wakasema huo ndio mkoa wa vijana, na wenye umri wa kati mkubwa kidogo wakasema umezeeka. Ukweli ni kwamba mkoa wenye umri wa kati mdogo kwa kawaida ni mkoa ambao wanawake wanazaa watoto wengi, basi. Kila mtoto anayezaliwa anaushusha umri huo, na watoto wachanga hawajavutwa na soko la ajira la mkoa wowote.

Lipo jambo zito zaidi. Kijana wa miaka 25 yuko juu ya umri wa kati wa taifa, kwa hiyo yumo katika nusu ya wakubwa. Akiondoka Korogwe, mkoani Tanga, kwenda Kibaha, anaiacha Korogwe ikiwa na umri wa kati mdogo zaidi kuliko kabla hajaondoka, na anaupandisha ule wa Kibaha. Wakiondoka elfu moja kama yeye, jedwali litaionyesha Korogwe kuwa inazidi kuwa changa katika miaka ile ile ambayo vijana wake wanaisha. Katika nchi yenye watoto wengi kama yetu, umri wa kati unasogea kinyume na kile watu wanachodhani unapima, na ndiyo maana Dar es Salaam, inayopokea vijana kutoka kila upande, ina sehemu ndogo ya watoto na umri wa kati mkubwa kuliko mikoa mingi ya vijijini. Nimelieleza hili mara nyingi, na bado naletewa chati ya umri wa kati kama ushahidi wa mvuto.

Rika la miaka 15 hadi 35, ambalo sera yetu ya vijana ya 2007 inalitumia, nalo ni pana mno kwa kazi hii. Linamweka mwanafunzi wa kidato cha tatu aliye nyumbani kwa wazazi wake pamoja na mama wa watoto watatu mwenye miaka 34 anayejenga Mapinga. Uhamaji wao hauna sababu zinazofanana hata kidogo.

Kinachofaa ni kulifuata kundi rika lile lile kutoka sensa moja hadi nyingine. Waliokuwa na miaka 10 hadi 14 mwaka 2012 walikuwa na miaka 20 hadi 24 mwaka 2022. Tafuta ni wangapi wamebaki katika taifa zima kwa kila 100, kisha ni wangapi wamebaki katika mkoa. Tuseme, kwa kufundishia tu, taifa limebakiwa na 94 na mkoa umebakiwa na 80: pungufu ya 14 ndiyo inayokaribia kuwa uhamaji. Rudia kwa kila rika, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Pwani ikionyesha ziada kubwa kwa wenye miaka 30 hadi 44, wakiwa na watoto wao, basi imepokea familia na inahitaji shule na maji. Ikiwa ziada iko kwa wenye miaka 18 hadi 24, basi imepokea watafuta kazi, na mahitaji ni mengine kabisa.

Kwa upande wa Tanga, ningependa haki itendeke. Ingekua kwa kasi ya taifa ingekuwa na watu wapatao 2,810,000, kwa hiyo imepungukiwa na karibu 195,000. Wenzangu huitaja tofauti hiyo kama idadi ya waliohama, jambo ambalo haliwezi kuthibitishwa na jumla pekee, kwa kuwa kasi ya taifa inavutwa juu na mikoa ya Magharibi na Kanda ya Ziwa, ambako uzazi ni mkubwa. Sehemu ya upungufu huo ni uzazi mdogo, sehemu ni uhamaji. Kwamba uhamaji upo sina shaka: milimani Lushoto na Bumbuli shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi limebaki matuta machache ya kabichi, na anayekosa tuta anashuka. Mkonge, ambao zamani ulileta manamba kutoka mbali hata nje ya nchi, hauajiri tena kwa wingi ule.

Lakini wanashuka kwenda wapi? Jiji la Tanga lilitoka watu 273,332 hadi 393,429, sawa na asilimia 3.6 kwa mwaka, juu ya kasi ya taifa, wakati sehemu iliyobaki ya mkoa ilikua kwa asilimia 2.3. Takwimu moja ya mkoa mzima inaficha mji unaopokea na milima inayotoa.

Hata njia ninayoipendekeza ina mashaka ambayo vitabu huyapitia haraka. Umri tunaoupata ni ule unaotajwa mlangoni, na mara nyingi anayeujibia si mwenyewe, ni shemeji au mwenye nyumba, ambaye humwambia karani wa sensa aandike ishirini au thelathini ili mambo yaishe. Miaka inayoishia na sifuri au tano hujazwa kuliko stahili yake. Tunachukulia kwamba kosa hili lina ukubwa uleule Tanga kama kwingine, na mimi siamini sana. Zaidi ya hapo, mtu huhesabiwa pale alipolala. Mvuvi wa Mkinga, mkoani Tanga, aliyekwenda dago (kambi ya wavuvi) Mafia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 alihesabiwa Pwani, ingawa mke na chombo chake ni vya Mkinga. Kwa kuwa sensa ya 2012 nayo ilifanyika Agosti, sehemu ya kosa hilo inajifuta, si yote. Kwa kuwa kosa hilo huwagusa zaidi wanaume, mimi huanza na safu ya wanawake wenye miaka 20 hadi 24 katika kila halmashauri, na ile ya wanaume huisoma baadaye, nikiiamini pale tu tofauti yake na taifa inapokuwa kubwa na inapoendelea hadi rika linalofuata.