Chupa ya Malaba na tezi ya shingoni

Dereva wa lori alitua chupa mezani kwangu. Ndani maji ya rangi ya chai, nje hakuna hata herufi moja. Aliinunua Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, akisubiri foleni ya forodha. “Daktari, hii inaongeza kinga. Niendelee nayo?” Alikuwa wiki ya tatu tangu aanze ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI. Tezi shingoni imevimba kama yai la kuku, homa inapanda kila jioni, naye ameshakata shauri: vidonge vyetu vinashusha kinga, chupa itaipandisha.

Mambo yalikuwa kinyume. Kinga yake ndiyo kwanza ilikuwa inaamka. ARV zikizuia virusi kuzaliana, seli za CD4, askari wa kinga, hurudi, na zikirudi huwakuta wadudu wa TB waliojibanza mwilini muda wote bila kuguswa. Wakianza kupigwa, tezi huvimba. Hali hii huwapata zaidi walioanza dawa CD4 zikiwa zimeshuka sana.

Dawa tunayotumia hapo, ikibidi na TB ikiwa inatibiwa, ni prednisoloni. Hiyo huituliza kinga, haiiongezi. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2018 uliwapa prednisoni, dada yake, wagonjwa wa TB wenye CD4 zisizozidi 100 waliokuwa wanaanza ARV, kwa wiki nne: waliopata shida hii walikuwa 33 katika kila 100, na 47 kwa wasiopewa.

Usikimbilie duka la dawa kuinunua. Kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, deksamethasoni ya jamii hiyohiyo ilijaribiwa katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu iliwadhuru wagonjwa. Kwao kinachosaidia ni kungoja kabla ya kuanza ARV. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini wa 2014 ulionyesha kuwa walioanzishiwa ARV mapema walikufa 45 katika 100 ndani ya wiki 26. Waliosubirishwa wiki tano huku wakitibiwa kuvu, 30.

Na dawa za kuongeza kinga? Zimejaribiwa, tena kwa dhati. Kemron, dozi ndogo ya interferoni (protini ya kinga) ya kuyeyusha mdomoni, ilitangazwa Nairobi 1990. Jaribio la Uganda lililochapishwa 1998 halikuona faida. Mwaka 2009 yakatoka majibu ya intaleukini-2, protini nyingine ya kinga, kwa watu zaidi ya 5,800: CD4 zilipanda kweli, lakini kuugua na kufa havikupungua. Namba ilinona, mgonjwa akabaki palepale.

Dereva tulimchoma sindano kwenye tezi, usaha ukaonyesha TB. Akaanza dawa za TB, ARV hakuacha. Ila dolutegraviri, mojawapo ya ARV zake, tukamwongezea kidonge cha pili jioni, kwa kuwa rifampisini, dawa ya TB, huimaliza haraka mwilini. Chupa aliniachia. Aliporudi kutoka safari nyingine, kifungo cha juu cha shati kilikuwa kinafunga.