Mandhari ya Kikoloni ni Nini? Tuitazame Picha Moja ya Majambazi wa Porini

Mandhari ya kikoloni ni mchoro wa ardhi uliochorwa na mlowezi, au kwa ajili ya walowezi, ambao unaionyesha nchi iliyotwaliwa kana kwamba ni ya mtwaaji tangu zamani. Unaweza kuwa na milima na miti tu. Unaweza pia kubeba kisa: wasafiri wako njiani, wachungaji wanahamisha mifugo, wanyang'anyi wameteka gari. Aina hii ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu kisa kinamshika mtazamaji kiasi kwamba hana nafasi ya kuuliza habari za ardhi yenyewe.

Chukua mchoro wa Tom Roberts uitwao Bailed Up, yaani "Wametekwa", ambao uko kwenye jumba la sanaa la New South Wales mjini Sydney, Australia. Roberts alizaliwa Dorchester, Uingereza, mwaka 1856, akahamia Melbourne mwaka 1869. Mchoro huu aliufanya mwaka 1895 akiwa kwenye shamba la mifugo la Newstead karibu na mji wa Inverell, kisha akaurudia kwa rangi upya mwaka 1927. Ni wa rangi za mafuta, na upana wake unakaribia sentimeta 183.

Gari la abiria la kukokotwa na farasi limesimamishwa katikati ya barabara ya vumbi, chini ya jua kali. Wenye bunduki wamelizunguka, lakini hakuna damu wala anayekimbia. Jambazi mmoja anazungumza na abiria kwa utulivu, kama mtu aliyekutana na jirani njiani. Nyuma yao kilima kimepanda na mikaratusi yake hadi karibu ukingo wa juu wa picha, na anga imebaki kipande tu. Roberts alijenga jukwaa juu ya mti ili aichore sehemu ile akiwa juu, na watu wa Inverell wakasimama mbele yake ili awachore. Kisa chenyewe kilitokana na masimulizi ya dereva mmoja wa magari hayo, aliyekuwa ametekwa na jambazi maarufu miaka thelathini hivi kabla.

Jambazi huyo alikuwa Frederick Ward, aliyejiita Captain Thunderbolt. Alitoroka gereza la kisiwa cha Cockatoo mwaka 1863, akapigwa risasi na polisi karibu na Uralla mwaka 1870. Hakuwa wa kwanza. Uingereza ilianza kupeleka wafungwa Australia mwaka 1788, na waliotoroka walijificha porini wakaishi kwa kupora. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1851, barabara zikajaa mali, na kizazi kipya cha majambazi kikaibuka, wengi wao vijana waliozaliwa hukohuko. Mwaka 1862 kundi la Frank Gardiner liliteka gari la dhahabu huko Eugowra. Mwaka 1865 koloni la New South Wales likatunga sheria iliyoruhusu mtu aliyetangazwa kuwa mhalifu auawe bila kwanza kutakiwa ajisalimishe. Ned Kelly, mashuhuri kuliko wote, alinyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba 1880.

Kwa hiyo Roberts aliposhika brashi, ujambazi huo ulikuwa umegeuka simulizi za wazee. Makoloni ya Australia yalikuwa yanaelekea kuungana kuwa taifa moja, jambo lililotimia mwaka 1901, na taifa jipya lilihitaji historia yake. Jambazi alifaa sana. Alikuwa mkosaji, lakini alizijua njia za porini, alikuwa hodari juu ya farasi, na visa vyake vilikuwa na mahali panapotajika: mlima huu, mto ule, kona hii ya barabara. Ukimchora mlowezi akimpora mlowezi mwenzake, ugomvi wote unabaki wa familia moja, na pori linageuka ua wa nyumba yao. Hapo ndipo mchoro wa jambazi unapokuwa mchoro wa umiliki, hata kama mchoraji mwenyewe alitaka tu kuonyesha joto na mwanga wa mchana.

Magharibi ya Inverell, upande wa Bingara, kuna mahali paitwapo Myall Creek. Tarehe 10 Juni 1838 wanaume waliofanya kazi kwenye mashamba ya mifugo waliwaua hapo watu wasiopungua 28 wa jamii ya Wirrayaraay, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Saba kati ya wauaji walinyongwa. Ukatili wa namna hiyo ndio uliofungua nchi ile kwa mashamba, na mashamba yakaleta barabara na magari ya abiria. Katika picha ya Roberts wenyeji wa asili hawamo kabisa. Hata katika maisha ya Thunderbolt walikuwemo: mwenzi wake, Mary Ann Bugg, alizaliwa na mama wa jamii ya Worimi, naye alisaidia sana kumweka hai porini.

Lakini usidhani kuwachora wenyeji kunatosha kuuondoa mchoro kwenye kundi hili. John Glover, mchoraji Mwingereza aliyehamia Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, mwaka 1831, aliwachora wakicheza ngoma na kuoga mtoni, kwa furaha na amani, katika miaka ileile ambayo walionusurika vita na walowezi walikuwa wakiondolewa kwao na kupelekwa kisiwa cha Flinders. Mashamba yake aliyachora pia: nyumba, bustani ya maua, mifugo malishoni. Humo wenyeji hawamo. Aliwaweka kwenye picha za nyakati za kale, na nyakati za sasa akaziacha kwa walowezi peke yao.